Kuandika kwa Sauti: Nafuu Yake na Kero Zake

Kwa mtu ambaye viganja humuuma baada ya kutwa nzima ya kuchapa, kama mimi ninayeandaa ripoti za vyama vya wakulima hapa Bukavu, kuzungumza na simu nayo ikaandika ni nafuu kubwa. Hata hivyo, kinachopatikana ni rasimu tu, na anayetarajia zaidi ya hapo atakata tamaa mapema.

Google iliongeza Kiswahili katika uandishi wa sauti mwaka 2017. Kwenye simu yangu nilikuta cha Kenya na cha Tanzania, nasi wa Kongo tunalazimika kuchagua kimojawapo na kuacha lafudhi ya nyumbani kando. Kinachosumbua zaidi ni mazoea yetu ya kuchanganya Kifaransa: programu ikiwa imewekwa isikilize Kiswahili, neno la Kifaransa huandikwa kama neno lolote la Kiswahili linalokaribiana nalo kwa sauti. Afadhali uliruke, uliandike kwa mkono baadaye, pamoja na majina ya watu na ya mahali kama Nyangezi au Walungu.

Sema sentensi nzima kwa mwendo wa kawaida. Programu hulipima neno kwa kutazama maneno jirani, na ndiyo maana anayetamka neno mojamoja, kwa uangalifu kama mwalimu wa imla, mara nyingi huharibu kazi badala ya kuisaidia.

Kosa la hatari ni lile lisiloonekana. Wakulima wakisema «hatutauza mbegu», silabi ya kwanza ikimezwa, ripoti itasema «tutauza mbegu». Tahajia ni safi, lakini msimamo wa chama umepinduka. Kwa hiyo mimi husoma rasimu siku hiyohiyo, nikianza na vitenzi vya kukanusha.

Mvua nayo, ambayo kwetu hunyesha tangu Septemba hadi Mei, ikipiga mabati hakuna programu itakayokusikia vizuri. Kipaza sauti cha waya kilicho karibu na mdomo husaidia kiasi, hasa dhidi ya jenereta ya jirani.

Kumbuka pia kwamba huduma nyingi hupeleka sauti yako kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali. Ushuhuda wa watu waliokimbia vita siusomei simu kamwe. Mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kutumia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ambayo hufanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa, ingawa Kifaransa inakielewa vizuri zaidi kuliko Kiswahili.