Jibu: Nyanya zinanyauka, je, trikoderma itasaidia?

Dada, umeuliza kama trikoderma itaokoa nyanya zako zinazonyauka huko kando ya mto Sabaki. Mche uliokwisha kunyauka hauponi, ung'oe na mizizi yake uuchome. Trikoderma ni ya kukinga: ni kuvu rafiki inayowahi kuizunguka mizizi, ikazinyang'anya kuvu haribifu nafasi na chakula, nyingine ikazila kabisa. Basi itie mapema, kitaluni, kisha tena shimoni siku ya kupandikiza, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Michanga yetu ya Malindi ina mboji kidogo, na bila mboji trikoderma haidumu. Mwagia jioni, tena usiichanganye na dawa ya ukungu, itakufa.

Lakini nakusihi, kabla ya kutoa pesa, ujue ugonjwa wenyewe. Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye gilasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Hapo usiitegemee trikoderma. Panda mahindi misimu kadhaa, wala usipande biringani au pilipili, nazo hushikwa. Kama hakuna uzi ila ndani ya shina kuna michirizi ya kahawia, yaelekea ni fuzari, yaani mnyauko unaoletwa na kuvu, na hapo trikoderma ina kazi msimu ujao.