Kerala kipindi cha Kusi: siku kumi za watu wawili, pwani na milima

Mkuu, kwa kifupi swali lako ni hili: wewe na shemeji mna siku kumi mwishoni mwa Julai, mnatua Kochi, jimbo la Kerala kusini mwa India, mnataka bahari na milima, na kila mtu anawaambia mvua itawafungia hotelini. Haitawafungia. Tatizo ni ratiba yenyewe. Kochi, kisha Munnar na Thekkady za milimani, kisha Alappuzha na Varkala za pwani, siku mbili mbili kila mahali, hiyo ni ratiba ya Januari. Mwezi wa Julai barabara moja ikifungwa, vituo vyote vinavyofuata vinaanguka pamoja na pesa ulizolipa.

Kwanza elewa mvua yenyewe. Ni Kusi yetu hiihii. Upepo unaovuma pwani ya Tanzania na Kenya kuanzia Aprili unavuka ikweta, unapinda kuelekea mashariki, unabeba unyevu wa Bahari ya Arabu, kisha unagonga milima ya Western Ghats iliyosimama kama ukuta nyuma ya Kerala. Kwa kawaida hufika huko karibu na tarehe 1 Juni. Kuanzia Juni hadi Septemba Kerala hupata wastani wa milimita 2,000 hivi, wakati Dar es Salaam hupata kama 1,100 kwa mwaka mzima. Lakini hainyeshi sawasawa. Inakuja kwa vipindi: siku tatu nne za kumwaga mfululizo, halafu siku kadhaa za manyunyu, ukungu na jua la kuibia. Safari nzuri ni ile inayoweza kusogea kati ya vipindi hivyo.

Kwa hiyo lipa kitu kimoja tu bila masharti, nacho ni usiku wa kwanza Kochi. Vyumba vingine vyote chukua vinavyoruhusu kughairi bila kukatwa. Julai ni msimu wa wageni wachache na hoteli zinakubali. Piga simu moja kwa moja, maana mara nyingi bei ya simu iko chini ya ile ya mtandaoni. Ukiahirisha safari ikaangukia Agosti, kuwa mwangalifu na wikendi inayogusa tarehe 15, sikukuu yao ya uhuru, na kipindi cha Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, ambacho huangukia Agosti au Septemba. Hapo Munnar hujaa magari kutoka Tamil Nadu na Bengaluru, na bei hupanda.

Sasa rangi. IMD, idara yao ya hali ya hewa, hutoa tahadhari kwa kila wilaya, kwa siku kadhaa mbele. Njano ni milimita 64.5 hadi 115.5 ndani ya saa 24, chungwa ni 115.6 hadi 204.4, nyekundu ni zaidi ya hapo. Munnar iko wilaya ya Idukki, Kochi iko Ernakulam, na Alappuzha ni wilaya yake yenyewe. Jioni ya kufika, fungua tovuti ya IMD utazame Idukki. Ikiwa kijani au njano kwa siku tatu zijazo, pandeni milimani kesho yake asubuhi. Ikiwa chungwa au nyekundu, nendeni Alappuzha kwanza, milima ije baadaye. Yaani pwani na milima vinabadilishana nafasi, na rangi ndiyo inayoamua, si tiketi.

Kuna jambo ambalo rangi ya leo haisemi. Mlima haubomoki kwa sababu ya mvua ya siku moja tu, unabomoka udongo ukishashiba. Njano iliyokuja baada ya siku tatu za chungwa ni mbaya kuliko chungwa iliyokuja baada ya wiki kavu. Maporomoko ya Pettimudi, karibu na Munnar, tarehe 6 Agosti 2020, na yale ya Wayanad, wilaya ya kaskazini mwa Kerala, tarehe 30 Julai 2024, yote yalikuja baada ya mvua kubwa za mfululizo, na yalipiga watu usiku wakiwa wamelala. Kwa hiyo ukiuliza chumba, uliza pia hoteli imekaa wapi. Picha nzuri za korongo mara nyingi maana yake ni jengo lililokaa kwenye mteremko uliochongwa, na upande wa Pallivasal ziko nyingi za namna hiyo. Chagueni mjini Munnar au sehemu iliyo tambarare, mbali na kijito. Mandhari mtayafuata kwa gari.

Siku ya tahadhari kubwa mkuu wa wilaya ya Idukki huweza kupiga marufuku safari za usiku milimani, kwa kawaida kuanzia saa moja jioni hadi asubuhi, na kufunga maporomoko ya maji, boti na njia za kutembea kwa miguu. Si ombi, polisi wanarudisha magari. Panga kila safari ya mlimani iishe kabla ya saa kumi jioni, hata siku ya kijani, kwa sababu ukungu ukishuka dereva haoni hata kona iliyo mbele yake.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kochi hadi Munnar ni kama kilomita 110, kupitia Perumbavoor, Kothamangalam, Neriamangalam na Adimali. Kukiwa kukavu ni saa nne hivi. Julai hesabu tano au sita. Ondokeni saa moja asubuhi. Baada ya daraja la Neriamangalam barabara inaingia msituni na kuanza kupanda, na hapo mtaona maporomoko ya Cheeyappara na Valara yakimwaga kando ya lami. Simameni, piga picha, lakini msikae chini ya ukingo uliochongwa na gari lisiegeshwe hapo. Mawe madogo yakianza kudondoka, au maji ya mfereji yakigeuka ghafla kuwa tope, ondokeni mara moja.

Chukua gari lenye dereva, usiendeshe mwenyewe. Gari halali la kukodi lina kibao cha njano chenye maandishi meusi. La kibao cheupe ni la mtu binafsi, na likipata ajali bima inaweza kukukana. Kabla ya kuondoka mkubaliane bei ya kilomita, kilomita za chini kwa siku, na posho ya dereva ya kulala nje, wenyewe wanaiita bata (si ile mnayokula wikendi). Kisha tazama tairi. Tairi lililokwisha meno, kataa, hata kama dereva ni mcheshi.

Munnar iko kwenye mita 1,500 hadi 1,600, na Julai kuna baridi ya sweta mchana kutwa. Kaeni usiku nne, si mbili, kwa sababu mbili zinaweza kumezwa zote na ukungu. Mbuga ya Eravikulam, yenye mbuzi wa milimani wanaoitwa Nilgiri tahr, mnapelekwa kwa mabasi ya mbuga yenyewe. Nendeni mapema. Makumbusho ya chai hufungwa Jumatatu. Top Station, sehemu ya juu ya kutazamia mandhari, iacheni mpaka asubuhi ya anga safi, la sivyo mtalipa nauli kwenda kutazama weupe.

Mvua ikikaza Munnar, msikae chumbani kuisubiri. Shukeni upande wa pili. Marayoor iko kilomita 40 hivi, na mbele yake kuna hifadhi ya Chinnar. Milima imeshakamua mawingu kabla hayajafika huko, kwa hiyo mnatoka kwenye ukungu wa chai na kuingia nchi ya miiba na vumbi ndani ya saa mbili. Wengi hawaijui njia hii na kwangu ndiyo siku bora ya safari nzima. Marayoor kuna msitu wa msandali, makaburi ya kale ya mawe, na vibanda vinavyochemsha sukari guru ya miwa mbele yenu. Nunueni hapo, ikiwa bado ya moto.

Thekkady ningeifuta. Watu huiendea kwa ajili ya boti kwenye ziwa la Periyar kuona tembo na nyati wakija kunywa. Julai maji yako kila mahali msituni, wanyama hawana haja ya kuja ziwani. Mtazunguka na makoti ya mvua mkitazama miti. Anayetoka Afrika Mashariki hana sababu ya kupoteza siku mbili kwa hilo. Kama shida yenu ni iliki na pilipili manga, mashamba ya iliki yako hukohuko Idukki na mavuno huanza karibu na kipindi hiki. Nunua punje za kijani zilizojaa, zenye ukubwa mmoja. Zilizofifia rangi zimekaa ghalani au juani.

Mkishuka kwenda Alappuzha, nyumba-boti ndiyo mtakayouziwa na kila mtu. Hesabu saa zake kabla ya kulipa: mnapanda kama saa sita mchana, jioni kabla ya giza boti inafungwa gatini kwa sababu usiku wavuvi wanatandaza nyavu, na saa tatu asubuhi mnashushwa. Kwa hiyo ni mwendo wa saa nne tano, na Julai nusu yake huenda mkawa nyuma ya turubai lililoshushwa. Boti nyingi kiyoyozi hufanya kazi usiku tu. Maji yakipanda sana baadhi ya boti hazipiti chini ya madaraja, na gugu maji huziba mifereji midogo. Mimi ningelala nchi kavu na kukodi shikara, boti ndogo ya paa, saa tatu za asubuhi. Inaingia mifereji ambayo nyumba-boti haifiki, na mvua ikija mnajibanza gatini mkinywa chai. Rahisi zaidi ni feri ya serikali ya Alappuzha hadi Kottayam: saa mbili na nusu hivi, nauli ndogo, mnapita katikati ya Kuttanad, mashamba ya mpunga yaliyo chini ya usawa wa bahari. Mkisisitiza kulala majini, ombeni kuona cheti cha usajili na muhesabu maboya ya kuvaa kabla ya kulipa.

Baharini hakuogeleki. Mawimbi ya Kusi yanachimba ufukwe na kuacha mikondo inayovuta kuelekea ndani, na hata anayejua kuogelea haimsaidii. Kwa mtu wa pwani amri ya kutoingia ni ngumu kuimeza, lakini maji ya goti yanatosha kukuangusha. Varkala mwezi huu ufukwe huwa mwembamba na vibanda vingi vya juu ya genge vimefungwa, hivyo iacheni. Tembeeni jioni ufukwe wa Marari, karibu na Alappuzha, au Fort Kochi, mji mkongwe wa Kochi, kwenye nyavu za Kichina. Na msishangae uhaba wa samaki wa bahari kuu: kuanzia tarehe 9 Juni usiku hadi 31 Julai meli za kukokota nyavu zinazuiwa. Ulizeni karimeen, samaki wa maji ya ndani, au kappa na mchuzi wa samaki. Kappa ni muhogo, msitafsiriwe.

Mkitaka kukandwa kwa Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ndio msimu wenyewe. Sehemu yenye cheti cha utalii cha Kerala humkanda mwanamume kwa mikono ya mwanamume na mwanamke kwa ya mwanamke. Anayewauzia chumba kimoja cha wapenzi huyo anauza kitu kingine.

Ruba wapo njia zote za msituni. Soksi ndefu juu ya suruali, chumvi kwenye kitambaa. Akishika, msukume kwa ukucha kutoka upande wa mdomo mwembamba, usimvute. Damu itaendelea kutoka kwa muda kwa sababu ameacha dawa ya kuzuia kuganda. Osha, bana kwa kitambaa, basi. La hatari zaidi ni maji ya mafuriko mjini. Homa ya mgunda, ileile iliyozuka Lindi mwaka 2022, huko wanaijua vizuri kila msimu wa mvua. Mwenye kidonda mguuni asikanyage maji yaliyotuama, na homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya safari mwambieni daktari mlikuwa wapi. Ulizeni daktari kuhusu kinga kabla ya kuondoka.

Nguo: jinzi ziacheni nyumbani, hazikauki. Nguo nyepesi, kanga mbili za kujifutia na kujitanda, ndala za mpira zenye kamba nyuma, na koti la mvua kwa Munnar maana upepo unavunja mwavuli. Mwavuli nunueni Alappuzha, mji uliojijengea jina India nzima kwa miavuli. Viatu vikilowa, vijazeni magazeti usiku, badilisha asubuhi. Soketi zao ni za matundu ya duara, bebeni adapta na betri ya akiba kwa sababu umeme hukatika, na umeme ukikatika mashine za pesa nazo zinalala. Rupia taslimu za siku mbili zisikose.

Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa kwa wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo, na sindano iwe imepita siku 10. Mkitoka Tanzania mkabadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa, kibebeni pia. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, yaani zaidi ya nusu ya safari yenu.

Usiku mbili za mwisho zilaleni Kochi, hata kama Munnar kumetakata. Agosti 2018 uwanja wa Kochi ulizama na kufungwa wiki mbili. Likitokea kama hilo mkiwa bado juu, msishuke upande wa magharibi kwenye mafuriko: njia ya Marayoor inaendelea hadi Udumalpet na Coimbatore, upande mkavu wa milima, na Coimbatore kuna uwanja wa ndege. Viza ya mtandaoni inabana mlango wa kuingilia tu. Kutoka mnaweza kutokea popote penye uhamiaji.