Anzeni na mita kabla ya kununua kitu

Dada, umeuliza kamati yenu ya fleti hapo Dar ianze na kipi ili kupunguza matumizi ya maji, kuvuna mvua au kubadili vyoo, na mtajuaje kama imesaidia. Mi nakuomba sana msinunue kitu bado. Tanki za juu zikishajaa someni mita kuu saa 6 usiku, mrudi saa 11 alfajiri watu hawajaamka, ikiwa imesogea sana jueni kuna mahali panavuja. Kwetu tulitia rangi ya chakula kwenye tanki la choo, hatukuflashi, nusu saa tu bakuli limekuwa jekundu, kumbe boya (linalofunga maji tanki likijaa) limechoka, na vyoo vya hivyo vilikuwa vitano!

Halafu kila mwezi andikeni uniti (moja ni lita 1,000) mgawanye kwa idadi ya watu, sio fleti, na mlinganishe na mwezi uleule mwaka jana maana masika na kiangazi havifanani.

Mvua ni hesabu: milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 200 za mraba mvua ya milimita 20 ni lita 4,000, sasa mkiweka simtanki la lita 1,000 mengine yote yanamwagika, na kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni chache mno, kwa hiyo mi ningeanza na maboya.