Maswali ya Wachezaji: Bosi Asiyepigika na Jokeri Aliyekaa Pabaya

Barua nyingi za safari hii zinaanza na maneno yaleyale: "mchezo huu ni mgumu mno." Tumechagua zile ambazo tukiusoma huo ugumu kwa makini tunaona hasa ulipojificha.

SWALI: Nimeanza Clair Obscur: Expedition 33 wiki tatu zilizopita. Hadithi imenishika na muziki wake mtamu, ila zamu ya adui ikifika nageuka gunia la mazoezi. Kila mtu ananiambia nipangue mapigo. Nikijaribu, napigwa. Nimevaa Pictos (vifaa vya kumwongezea mhusika uwezo) zilezile tangu mwanzo kwa sababu zinaniongezea uhai. Je, nina mkono mzito?

Mkono wako hauna neno. Umeanzia mahali pagumu tu. Mchezo huu wa Sandfall Interactive ya Ufaransa, uliotoka Aprili 2025, ni wa kupokezana zamu, lakini zamu ya adui si wakati wa kupumzika. Mapigo yake mengi unaweza kuyakwepa, au kuyapangua kama kipa anavyopangua mkwaju.

Vitufe hivyo viwili havilingani. Muda wa kukwepa ni mpana na wa kupangua ni mwembamba. Lakini ukikwepa kwa wakati barabara kabisa, skrini inakuandikia kwamba umekwepa kikamilifu. Wengi hulipuuza neno hilo, nalo ndilo mwalimu wako: maana yake ni kwamba kama ungebonyeza kitufe cha kupangua wakati uleule, ungefaulu. Kwa hiyo ukikutana na adui mpya, kwepa tu. Usipangue hata mara moja. Neno hilo likitokea mara tatu mfululizo kwa pigo lilelile, anza kulipangua pigo hilo peke yake, na mengine uendelee kuyakwepa.

Malipo ya kupangua ni mawili. Kila pigo ulilopangua linakupa AP moja (pointi ya kutendea) ya kutumia kwenye zamu yako, na ukipangua mfululizo wote, mhusika wako anajibu kwa pigo la bure, zito kwelikweli. Mapigo matano ukikosa moja, la bure hulipati.

Kosa linalorudiwa ni kubonyeza mara tu mkono wa adui unapotikisika. Maadui wa mchezo huu wana hila: huinua silaha, hutulia, hutulia tena, kisha huishusha ghafla. Achana na mkono, tazama ncha ya silaha. Na sikiliza, maana mapigo mengi yana mlio unaoyatangulia, na sikio hudanganyika kwa shida kuliko jicho.

Kuhusu Pictos, hapo unajinyima. Ukishinda mapambano 4 ukiwa umevaa moja, uwezo wake unafunguka kwa kikosi kizima kama Lumina. Kuanzia hapo mtu yeyote anautumia kwa kulipia pointi za Lumina, bila kuivaa. Basi vaa, shinda mara nne, vua, vaa nyingine. Anayeng'ang'ania tatu zilezile hadi katikati ya mchezo anafika kwa bosi, yaani adui mkubwa, na nusu ya nguvu zake.

Ukishindwa kabisa, shusha ugumu hadi Story, kiwango chepesi kuliko vyote, kwenye menyu. Muda wa kukwepa na kupangua unaongezeka, na unaweza kuupandisha ugumu tena wakati wowote.

SWALI: Nami nacheza mchezo huohuo kwenye kompyuta. Nikitumia kioo chake kidogo napangua vizuri. Nikiunganisha kwenye runinga kubwa na kuvaa spika za masikioni zisizo na waya, siambulii kitu. Kasoro iko wapi?

Iko sehemu mbili, na huenda zote zinakuumiza kwa pamoja.

Kwanza ni picha. Mchezo unapokwenda kwa fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, kila fremu inakaa takriban milisekunde 16.7. Runinga nyingi, kabla ya kukuonyesha picha, huisafisha, huinoa na kuongeza fremu za kubuni ili mwendo uonekane laini. Kazi hiyo inaweza kula milisekunde 100, ambazo ni fremu sita. Unaona silaha ikishuka wakati ndani ya mchezo imeshakupiga.

Washa hali ya michezo kwenye runinga, na hakikisha umeiwasha kwa tundu lilelile la HDMI ulilochomeka, kwa sababu runinga nyingi hutunza mipangilio ya kila tundu peke yake. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaiwasha kwenye tundu la kwanza, waya uko la pili. Kisha zima ulainishaji wa mwendo kama bado umewashwa. Kujipima, fungua menyu yoyote, sogeza alama juu na chini, na utazame kidole na kioo kwa pamoja. Kidole kikimaliza kazi kabla alama haijaanza kusogea, bado kuna ucheleweshaji.

Pili ni sauti. Spika za masikioni za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tumetoka kumwambia mwenzako hapo juu asikilize mlio unaotangulia pigo. Kwako mlio huo unafika umechoka. Tumia zenye waya, au zile zinazokuja na kipokezi chake cha USB.

MAONI: Nimemaliza Silksong, mwendelezo wa Hollow Knight, kwa taabu. Naona umetengenezwa ili kuadhibu watu. Hollow Knight wa kwanza ulikuwa mgumu lakini ulikuwa na huruma. Mdogo wangu anataka kuanza. Nimwambie nini?

Lalamiko lako lina ukweli, na si lako peke yako. Silksong ulitoka tarehe 4 Septemba 2025, na mwezi huohuo watengenezaji wake, Team Cherry, wakatoa sahihisho lililowapunguza makali mabosi wawili wa mwanzo, akiwamo Moorwing. Kwa maoni yetu mabosi wenyewe ni wa haki. Uchoyo uko kwenye viti vya kupumzikia vinavyodai shanga, yaani pesa za mchezo huo, kabla hujakaa, na kuna kimoja kilichotegwa mtego kabisa. Hicho tumekicheka, lakini baada ya siku kadhaa.

Mdogo wako afahamu hesabu ya uponyaji, maana imebadilika. Katika mchezo wa kwanza uliponya barakoa, yaani vipimo vya uhai, moja moja. Hornet, mhusika unayemchezesha Silksong, anatumia nyuzi 9 za hariri (nguvu anayokusanya akipiga maadui) kwa mkupuo na kurudisha barakoa 3. Mwanzoni akiba yake ya hariri inabeba nyuzi hizohizo 9, kwa hiyo ni yote au hakuna. Akipigwa katikati ya kujiponya, hariri imekwenda bure. Ila anaweza kujiponya akiwa hewani, na mara nyingi hewani ndiko salama.

Sasa tazama mabosi, ambao wengi huondoa barakoa 2 kwa pigo. Unaanza na barakoa 5: pigo la kwanza zinabaki 3, la pili 1, la tatu umekufa. Ukiongeza barakoa ya sita, bado unakufa kwa pigo la tatu. Ya saba ndiyo inayokupa pigo la nne. Kwa hiyo asivunjike moyo akihangaika kutafuta vipande 4 vya barakoa ya sita kisha bosi akamuua vilevile. Hesabu ndiyo ilivyo.

Tena kuna imani kwamba ni busara kungoja hadi ubaki na barakoa moja ndipo ujiponye, eti usipoteze hata moja. Kwa bosi wa barakoa mbili haina faida. Ukiwa na 3 kati ya 5 ukajiponya, unatoka kwenye kuuawa na pigo la pili hadi la tatu. Ukiwa na 1 ukafika 4, unatoka kwenye pigo la kwanza hadi la pili. Faida ni ileile, pigo moja. Basi ajiponye pale bosi anapotoa nafasi, asingoje kiwango fulani. Nafasi tamu zaidi ni akiwa na 2 kamili: anaruka hadi 5, na amepata mapigo mawili zaidi.

La pili ni pigo la kushuka. Mchezo wa kwanza liliteremka wima. Hornet, akiwa na nembo (mtindo wa kupigana) aliyoanza nayo, huchoma mshazari. Mtu aliyezoea kuruka juu ya adui na kubonyeza chini atampita kila mara na kuangukia miiba. Aanze kuruka akiwa umbali wa mwili mmoja kutoka kwa shabaha, aielekee. Nusu saa ya mazoezi kwa adui dhaifu inatosha. Akishindwa kabisa, nembo ya Wanderer, inayopatikana baadaye kidogo, humrudishia pigo la wima.

Na akifa, asikimbilie kifukofuko chake mara moja. Kinatunza shanga zake, lakini ukikivunja kinakujazia hariri pia. Kikiwa ndani ya chumba cha bosi, akiache hadi apigwe mara mbili, ndipo akivunje na kujiponya papo hapo. Hatari ni moja: akifa tena bila kukivunja, shanga zimepotea. Kabla ya bosi azitumie dukani.

SWALI: Mwanangu wa miaka 13 hatoki kwenye Balatro. Ni karata na dola tupu. Je, ni kamari? Na mimi mwenyewe, tukisemezana kweli, nimeanza kuucheza usiku na sivuki Ante (ngazi) ya 5.

Si kamari. Dola hizo hazinunuliwi kwa pesa halisi, haziwekwi rehani na haziwezi kutoka nje ya mchezo. Taasisi ya Ulaya inayopanga umri wa michezo, PEGI, iliuwekea 18 mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaushusha hadi 12. Kinachobaki ni hesabu ya kuzidisha, na kijana wa miaka 13 pengine anaifanya haraka kuliko wewe.

Tuje kwako. Ante ya 5 inawakamata wengi kwa sababu moja. Kizingiti cha kwanza cha Ante ya 1, yaani alama unazotakiwa kufikisha, ni alama 300. Msingi wa Ante ya 2 ni 800, ya 3 ni 2,000, ya 4 ni 5,000, ya 5 ni 11,000, na ya 8 ni 50,000, ambapo bosi wa kawaida, yaani kizingiti cha mwisho cha Ante, hudai mara mbili yake. Vizingiti vinapanda kwa kuzidishwa. Wewe, tunakisia, unapanda kwa kujumlisha.

Tazama mkono mmoja kwa karibu. Karata tano za shupaza: ree, mfalme, tisa, saba na nne. Alama zake ni 11 + 10 + 9 + 7 + 4 = 41. Mkono wa karata tano za aina moja una msingi wa alama 35 na kizidisho 4. Kwa hiyo 76 × 4 = 304. Umevuka kizingiti cha kwanza kwa mkono mmoja na alama nne za kusazia.

Sasa ongeza jokeri wawili, yaani karata maalumu za kukuzia alama: Droll Joker, anayejumlisha 10 kwenye kizidisho kwa mkono kama huo, na The Tribe, anayekizidisha mara 2. Jokeri husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Droll akiwa kushoto: (4 + 10) × 2 = 28, na 76 × 28 = 2,128. The Tribe akiwa kushoto: 4 × 2 + 10 = 18, na 76 × 18 = 1,368. Jokeri walewale, karata zilezile, umetupa alama 760 kwa sababu ya mpangilio. Wanaojumlisha wakae kushoto, wanaozidisha kulia. Waburute kwa kidole, hakuna gharama.

Pesa: kila dola 5 ulizobaki nazo mwisho wa raundi hukuzalia dola 1, hadi kikomo cha dola 5. Yaani dola 25 ndizo za kulinda. Ukizidisha hapo, tumia. Wanaoshindwa mapema huzimaliza zote dukani Ante ya 1.

Mwisho, mtazame bosi wa Ante kabla ya kucheza kizingiti cha kwanza, maana anaonyeshwa tangu mwanzo. The Goad hubatilisha shupaza zote. Mwenye shupaza tupu akimgundua mlangoni amekwisha.

SWALI: Nacheza Stardew Valley, mchezo wa kilimo. Nilinunua mbegu za stroberi kwenye tamasha la mayai, nikazipanda tarehe 21, zikafa zote majira yalipobadilika. Pia naambiwa niboreshe kopo la kumwagilia, lakini mimea itakunywa nini kopo likiwa kwa mhunzi?

Stroberi huchukua siku 8 kukomaa, kisha huzaa kila baada ya siku 4, na majira yana siku 28. Ukipanda tarehe 21 zinakomaa tarehe 29, siku ambayo haipo. Tamasha ni tarehe 13: ukipanda jioni hiyohiyo unavuna tarehe 21 na 25. Tarehe ya mwisho yenye mavuno mawili ni 16. Ila lenye faida kubwa ni kununua mbegu, kuzifungia sandukuni na kuzipanda tarehe 1 ya mwaka unaofuata. Utavuna tarehe 9, 13, 17, 21 na 25. Mbegu ni 100g (g ni dhahabu, pesa ya mchezo), tunda ni 120g, na hapo umepata matunda matano kwa mbegu moja.

Kopo hukaa kwa mhunzi, Clint, siku mbili, na uboreshaji wa kwanza ni 2,000g pamoja na mikuo 5 ya shaba. Fungua runinga kila asubuhi. Siku itakapotabiri mvua ya kesho, mwagilia kwanza, kisha mpelekee kopo kabla hajafunga saa 10 jioni. Kesho yake mvua itakumwagilia, na keshokutwa saa 3 asubuhi unalichukua likiwa tayari, mimea haijakosa hata siku moja.