Shangazi wa Shanga: Kristali zinakula uzi, na maswali yenu mengine

Haya wapenzi, meseji za safari hii nyingi zinafanana kweli, nusu yenu mmetengeneza kitu kizuri kikakatika na nusu iliyobaki mnataka kujua kama mlichouziwa ni orijino. Nimechagua tano. Wengine msinune, nimewasoma wote.

Shikamoo shangazi. Nilianza shanga nikiwa likizo ya uzazi, sasa ndo starehe yangu ya jioni watoto wakilala. Nilimtengenezea wifi yangu bangili ya kristali za milimita 8, nikatumia mshipi wa nailoni ule wa kuvulia, muuzaji akaniapia haukatiki hata kwa samaki wa kilo tano. Wifi kaivaa kicheni pati, muziki ulivyokolea ikakatika, shanga zote chini na watu wanateleza. Yeye kacheka ila mimi nimeona aibu. Tatizo ni uzi au ni mimi? Mama Pacha, Tanga

Marahaba mwanangu. Wewe huna kosa na mshipi nao usiulaumu sana, mwenye kesi ni kristali, maana ni kioo kilichochongwa. Chukua moja, weka chini ya kamera ya simu, kuza picha mpaka uone mdomo wa tundu. Utaona ukingo mkali, na pengine pamemeguka vipande vidogo vidogo. Hizi shanga ndogo za kawaida tunazotungia za kiunoni hazina shida hiyo, zile kioo kinavutwa kikiwa cha moto kinakuwa mrija mwembamba, mrija unakatwakatwa, vipande vinarudishwa kwenye joto huku vinazungushwa mpaka kingo zinalainika. Kristali inachongwa pande zote ipate kung'aa na tundu linabaki na makali yake. Sasa wifi yako kila akinyanyua mkono, akipiga makofi, akinawa, uzi unasuguliwa mahali palepale. Samaki wa kilo tano anavuta tu, hasugui.

Mimi siku zote nasema hela weka kwenye kinachobeba, shanga zifuate. Mnanunua kristali za elfu ishirini afu mnazitungia uzi wa mia tano, jamani!

Kwa bangili kama hiyo mi ningetumia waya laini wa kutungia, ule ambao ndani ni nyuzi nyembamba za chuma zimesokotwa na juu zimevikwa nailoni. Kuna wa nyuzi 7, wa 19 na wa 49. Wa 7 ni rahisi lakini ukikunjika alama haitoki, kwa hiyo mfuko ukiruhusu nenda 49, unene wa milimita 0.38 mpaka 0.48 hivi. Na kati ya kristali na kristali tia ushanga mdogo mmoja, saizi 11, ambao una kama milimita 2, au 15 ambao ni mdogo zaidi kama hutaki uonekane, maana kristali zikigongana zenyewe kwa zenyewe ndo zinameguka midomo na kuzidi kuwa kali. Ukipenda kutumia sindano badala ya waya, tafuta uzi wa kuvulia ule wa kusukwa, FireLine kwa mfano, wavuvi ndo walitengenezewa sisi tukaudandia. Ukate kwa mkasi wa zamani tu, unaua makali ya mkasi mzuri.

Waya unafungwa na kile kijibomba kidogo cha chuma, na hapo ndo wengi mnapoharibu. Pitisha waya kwenye kijibomba, uingie kwenye pete ya kufuli, urudi kwenye kijibomba, uendelee nao ndani ya shanga mbili tatu. Kabla hujabana, kunja kazi yote iwe duara vile itakavyokaa mkononi na uache uwazi wa kama milimita 2. Ukibana bangili ikiwa imenyooka mezani na shanga zimekazana, siku ya kuvaliwa haina pa kwenda, inakakamaa, waya unakandamizwa kwenye kingo zilezile tulizosema. Plaizi ya kubania ina mashimo mawili mdomoni. Anza na la ndani, hakikisha waya mbili haziko juu ya mwenzake, bonyeza, kijibomba kitapata mfereji katikati. Kigeuze robo, hamia shimo la nje, bonyeza tena kijikunje kiwe mviringo. Halafu vuta, vuta kweli, sio kwa huruma, kama kinateleza heri kiteleze mbele yako kuliko ukumbini.

Kama wifi hataki kuhangaika na kufuli unaweza kutumia lastiki, ya milimita 0.8 inatosha, ila ivutevute kwanza kabla hujatunga maana usipoilegeza wewe italegea mkononi mwake, fundo pitisha mara mbili mbili kila upande, tone la gundi ya vito ile inayobaki laini ikikauka. Supaglu hapana! Inaifanya lastiki iwe ngumu halafu inakatikia pembeni ya fundo, na kristali bado ina makali yake kwa hiyo hata ukifanya yote hayo usiipe maisha marefu.

Na kipimo, umesema milimita 8, hizo ni nene zinakula nafasi ndani ya duara. Mkono wa sentimita 16 ukitumia shanga za milimita 4 bangili itataka kama 17 na nusu, za milimita 8 itafika 18 na nusu mpaka 19, yaani shanga 23 hivi kabla hujaweka zile ndogo za katikati.

Shikamoo. Kuna dada Kariakoo ananiuzia kristali kamba moja elfu nne anasema Swarovski orijino, rafiki yangu anasema Swarovski hawauzi tena shanga. Nani mkweli? Na kwa nini zile zenye rangi ya upinde wa mvua zangu zimepauka? Binti wa Temeke

Marahaba. Rafiki yako yuko karibu na ukweli zaidi. Mzee Daniel Swarovski alitokea Bohemia ambako watu wanachonga vioo toka enzi na enzi, 1892 akasajili mashine yake ya umeme ya kukatia kristali, 1895 akahamia Wattens kule Austria, kwenye maji ya mlimani ya kuendeshea mitambo. Miaka yote hiyo sisi wa kutunga tulipata shanga zao kupitia wauzaji wa jumla, mpaka 2020 kampuni ikatangaza inabadilisha biashara, na mwaka uliofuata bomba la wauzaji wadogo na watu wa hobi likafungwa. Zilizobaki sokoni ni akiba za zamani na bei yake imepanda. Kwa hiyo kamba ya elfu nne, mpya, na dada anazo magunia? Mwambie akupe jina lingine.

Ila usizitupe. Kristali nyingi zinazouzwa huku ni za Uchina, eneo la Pujiang mkoa wa Zhejiang wanachonga kwa wingi kweli, na kwa mtu wa hobi ziko poa kabisa ukijua kuchagua. Zitunge kumi kwenye sindano uziangalie kwa ubavu. Matundu kama hayako katikati utaona mstari unayumba, moja imepanda nyingine imeshuka. Angalia pembe za michongo, nzuri zinakutana kwenye nukta moja kali, mbaya zina kijilaini kama zimeyeyuka. Zile zilizochongoka ubavuni ndo zinaumbua haraka kuliko za mviringo. Mi nikinunua kamba nategemea kutupa baadhi, hiyo naihesabu kwenye bei. Ukitaka daraja la juu na una ndugu anatoka Ulaya, mwagize Preciosa za Cheki, watu wa Jablonec, ni Bohemia ileile.

Moja ya kuzingatia kama una mtoto mdogo ndani, kristali za zamani zilikuwa na madini ya risasi kwenye kioo, ndo ilikuwa inazipa uzito na mng'ao. Swarovski walibadilisha mchanganyiko 2012 lakini hizi zisizo na jina hujui. Kuvaa haina shida, mtoto kumung'unya ndo hapana.

Hiyo rangi ya upinde wa mvua, wauzaji wanaandika AB, ilianza 1956 Swarovski wakifanya kazi na Christian Dior. Ni utando mwembamba mno umepuliziwa juu ya kioo, haumo ndani ya kioo, kwa hiyo marashi, sanitaiza, losheni na kusuguana na nguo vinautoa. Jifukize udi wako, pulizia manukato, subiri yakauke, ndo uvae. Ukivua futa kwa kitambaa kikavu. Zilizopauka hazirudi mwanangu, zitengenezee hereni za kushindia nyumbani.

Hereni nilizotengeneza mwenyewe zinaniwasha masikio mpaka yanatoa maji, na mkufu unaniacha shingo ya kijani. Ni mzio wa kristali? Asha wa Voi

Kioo hakikufanyi kitu, ni chuma. Kijani ni shaba inakutana na jasho, haidhuru, inaoshwa. Kuwasha kwa kawaida ni nikeli iliyoko kwenye ndoano za bei chee, na ngozi ikishaikataa nikeli haibadilishi mawazo. Badilisha ndoano tu, kristali zako zibaki. Titani ndo salama zaidi, fedha ya 925 wengi inawafaa. Ule ujanja wa kupaka rangi ya kucha ile ya maji juu ya ndoano unashika siku chache unabanduka. Na kama yanatoa maji, acha kuvaa kabisa kwanza upone, uwaone watu wa hospitali.

Shangazi nimeuziwa shanga za rose quartz, nimeambiwa hii ndo kristali ya kweli sio vioo, na inavuta mapenzi. Nitajuaje kama sijapigwa? Mgeni wa Mapenzi, Arusha

Kwa upande wa sayansi huyo muuzaji hajakosea mwanzoni. Kristali tunazotungia ni kioo tu, chembe zake zimekaa ovyo ovyo, wakati kwazi, ndo hiyo quartz yako, ni jiwe ambalo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio. Kuitambua, iweke shavuni, jiwe linakuwa baridi na linachelewa kupata joto la ngozi. Imulike kwa tochi, ukikuta mapovu ya duara ndani hicho ni kioo. Kwazi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo kama 5 na nusu, kwa hiyo kwazi inachora chupa ya soda na kioo kinashindwa, tumia ushanga mmoja tu wa kujaribia na chupa iliyoisha. Ukikuta shanga zote rangi moja, safi, hazina mawingu wala nyufa hata moja, na bei ya kutupa, jiulize.

Usikae ukazianika juani kutwa eti zichaji, jua kali linapausha rangi, ametisti ndo kabisa. Na nyie wa Arusha mkishaanza mawe najua mtahamia tanzanaiti, ni yenu, ilijulikana 1967 hapo Mererani, lakini ni laini kuliko kwazi, 6 mpaka 6 na nusu, inafaa hereni na kidani, bangili itapata mikwaruzo. Mapenzi sasa... mwanangu, mimi najibia mambo ya plaizi na uzi tu.

Mwanangu hujambo. Niko Muscat, asili yangu Unguja, nimestaafu na hizi shanga za kristali ndo zinanichangamsha. Mambo mawili. Macho yamechoka, sindano inanichukua muda kuliko kazi. Na watoto wananishikilia niuze, wananiambia nafungua ukurasa, naweka bei, mara nipige picha. Mie sijui hata nianzie wapi. Bi Mkubwa, Muscat

Shikamoo mama, safari hii shangazi ndo mtoto. Sindano acha hizo za tundu dogo, ulizia ile iliyopasuka katikati, ukiibana ncha mbili inafunguka tundu refu karibu sindano nzima, unaingiza uzi bila kutafuta miwani. Badala ya shanga za saizi 11 hamia 8, zina kama milimita 3, na kristali za milimita 6 kwenda juu. Taa iwe nyeupe na itokee upande wa pili wa mkono unaofanyia kazi usijipige kivuli, na chini tandika kitambaa cha rangi moja isiyong'aa, kristali safi juu ya kitambaa cheusi zinaonekana zenyewe, na zikidondoka hazibingirii hadi chini ya kochi. Miwani ya kukuza ya kuvaa kichwani nayo ni nzuri, ila pumzisha macho, angalia dirishani kila baada ya muda.

Ya watoto mama waambie hapana. Nasema hivyo kwa sababu mtu akishakuagizia bangili kumi za rangi moja za harusi ya Ijumaa, utazitunga hujisikii, na mwenye harusi atakupigia simu saa nne usiku. Kama unataka pesa ni jambo jingine, hapo jumlisha vifaa vyote hadi kijibomba cha mwisho, ongeza masaa yako kwa kiwango ambacho usingeona haya kumlipa mtu, na usimpunguzie wa kwanza maana atawaambia wenzake. Lakini hujaandika kwamba unataka pesa, umeandika zinakuchangamsha. Wajukuu wa kike wanao masikio, watengenezee hereni.

Na za kuanzia ndo hizo rahisi, pini moja yenye kichwa, kristali moja, ushanga mdogo juu na chini. Ubakize sentimita moja ya waya juu, uilaze pembeni, uizungushe kwenye plaizi ya mdomo wa duara mpaka ifunge kitanzi. Fanya zote mbili mahali palepale pa mdomo wa plaizi, weka alama kwa kalamu ya wino, sababu mdomo unanenepa ukielekea ndani na vitanzi vikitofautiana hereni moja itaning'inia chini ya mwenzake.