Mdogo wangu, usiniombe mbinu ya kuwakwepa EWURA

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia meseji, anataka kuuza petroli ya madumu kijijini kwao huko Pangani, kaniuliza, "Kaka, nipe mbinu ya kuwakwepa EWURA, wanatuonea tu." EWURA ndio mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, wanatoa leseni za kuuza mafuta na kukagua vituo. Imenichoma, maana mimi ndio niliyekuwa nasema hayohayo kijiweni Deep Sea, hapa Tanga, kwamba hawa jamaa wanakula tozo zetu bure, wavunjiliwe mbali kila mtu auze anavyojua.

Mwaka juzi nilinunua petroli ya dumu uchochoroni kwa ajili ya boti yangu, nafuu ya mia tatu kwa lita, risiti sikuuliza. Tulipofika karibu na kisiwa cha Yambe injini ikaanza kutoa moshi mzito, ikagonga, ikazima. Tulikuwa wanne na mmoja ni mtoto wa dada yangu, kusi linavuma, tukaelea mpaka jioni ndio ngalawa moja ikatuvuta. Fundi alipofungua plagi ilikuwa nyeusi tii, pistoni imenata, akamimina mafuta kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro, tukayaona maji yamekaa chini na juu yake yananuka mafuta ya taa. Milioni moja na laki nane zikaenda. Nilimfuata yule muuzaji, akanijibu una ushahidi gani? Bado inaniuma.

Nyie mnasahau uchakachuaji ulivyokuwa. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo basi watu wakawa wanayachanganya kwenye dizeli na petroli, faida tupu. Mafuta yakaanza kuwekewa vinasaba, yaani kemikali ya alama, mwaka 2010, mkaguzi anachota sampuli kituoni anapima, akikuta vinasaba havifiki kiwango anajua yamechezewa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili ile faida ife. Sasa kupima kunataka mashine, gari, na mtu anayelipwa mshahara wa kueleweka, la sivyo anamalizwa na bahasha ya mwenye kituo. Tozo inaenda huko jamani!

Na msidhani shida ya ukaguzi dhaifu ni ya kwetu tu. Marekani kule FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, waliwaachia wafanyakazi wa Boeing, kampuni inayounda ndege, sehemu kubwa ya ukaguzi wa ndege yao wenyewe, 737 MAX mbili zikaanguka, 2018 na 2019, watu 346 wakafa, na ya pili ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja hapo Nairobi.

Kwahiyo mdogo wangu, dai risiti, uza kwa risiti. EWURA wana masharti nafuu ya vituo vidogo vya vijijini, nenda ukaulize, omba leseni. Wakichelewa wasumbue, piga kelele waongezewe watu, lakini usiombe waondoke, na narudia tena, risiti!

Ile chupa ninayo mpaka leo, nimeiweka dirishani. Ukija Tanga nitakuonyesha.