Muulize Fundi: Injini yachemka, mafuta hayapandi

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Pikipiki yangu ni ya cc 125, ya kupozwa na upepo. Nikipakia abiria Malindi kwenda Marafa, nikishavuka daraja la Sabaki injini inachemka mpaka paja laungua, na nikivuta mafuta inaenda kivivu. Kabureta nimeosha juzi. – Bodaboda, Malindi

JIBU: Waleikum salaam, ndugu yangu. Joto na uvivu vikija pamoja, mimi kwanza hushuku petroli haitoshi kwa hewa inayoingia. Fungua plagi, ile inayotoa cheche, ikishapoa, utazame ncha. Kahawia ni sawa. Nyeusi yenye masizi, filta ya hewa imeziba, na kwa vumbi la Marafa si ajabu. Nyeupe, injini yanyimwa petroli.

Ikiwa nyeupe, rudi kwenye ile raba inayoshika kabureta na injini. Ikifunguliwa mara kwa mara hupasuka, ufa mwembamba usioonekana mpaka uikunje. Washa pikipiki, inyunyizie raba maji kidogo; mngurumo ukibadilika, hewa inapenya hapo. Nunua mpya, usipake gundi. Jeti nayo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, izibue kwa upepo wa kompresa. Tafadhali usiichokoe kwa waya, tundu litapanuka.

Pia isimamishe kwa stendi kubwa, gia huru, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, breki inashika. Pima oili, na ukwangue matope kwenye mapezi ya injini, yale mabapa membamba yanayoipoza.

Ikichemka njiani, izime uiache kivulini. Usiimwagie maji, chuma cha moto hupasuka.